Kipanya kisicho na waya cha laptopu: uliza kwanza habari za kidude

Kuna swali moja linanijia sana, kwa barua pepe na hata mtu akinikuta mtaani: "Kaka, nataka kipanya kisicho na waya cha laptopu yangu, nichukue kipi?" Zamani nilikuwa najibu kwa mkato tu, chukua chochote kinachokaa vizuri mkononi. Halafu yakanikuta ya kunikuta, na jibu langu likabadilika. Leo naandika yote mahali pamoja ili mtu akiuliza tena nimtumie hii.

Kwanza tuelewane ni kipanya gani, maana kwa sisi wa Dar vipanya vilikuwa pia zile Hiace za abiria, na Kipanya mwingine yuko kwenye katuni za magazeti, teh teh. Hapa nazungumzia kile cha kompyuta. Babu yake alizaliwa Marekani mwaka 1964: Douglas Engelbart ndiye aliyepata wazo na mwenzake Bill English akakiunda, kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Desemba 1968 kikaonyeshwa hadharani San Francisco. Kilikuwa na waya kama mkia. Mwaka 1991 Logitech wakatoa kipanya kinachotumia mawimbi ya redio, na mkia ukakatika.

Sasa basi, mkia ulipokatika kuna kitu kilizaliwa ambacho wanunuzi wengi hatukitilii maanani. Kipanya kisicho na waya ni vitu viwili: kinachosema na kinachosikiliza. Kinachosema unakishika mkononi. Kinachosikiliza ni kile kidude kidogo kama ukucha unachochomeka kwenye tundu la USB, au kimejificha ndani ya laptopu yenyewe. Dukani watu wanakagua rangi, umbo na bei ya kile cha mkononi. Kidude wanakiona kama bonasi. Mimi nasema anza na kidude.

YALIYONIKUTA

Kazi yangu ya pembeni ni kutengeneza kadi za mchango na za harusi. Kazi hii ni kusogeza vitu: ua huku, jina la bibi harusi pale, namba ya kutumia pesa chini. Ukiifanya kwa kile kibao cha kugusa cha laptopu ni adhabu, hasa kama laptopu ni ya mtumba na kibao kimeshaanza kuchoka kama changu. Nikanunua kipanya kisicho na waya kwa elfu ishirini. Miezi saba raha mustarehe, hamna tatizo.

Siku moja umeme ukakatika kwetu. Nikachukua flash na kipanya changu, nikaenda intaneti kafe moja yenye jenereta. Nilibeba changu kwa sababu vipanya vya pale gurudumu la katikati lilikuwa limekufa. Nikachomeka kidude nyuma ya mashine, nikapiga kazi. Muda ukaisha, skrini ikajifunga ghafla kama kawaida yao, nikachomoa flash, kipanya mfukoni, huyooo nyumbani. Kidude nikakiacha kule nyuma ya mashine.

Nilikumbuka usiku, umeme uliporudi. Asubuhi nikawahi kafe, dogo wa pale akainama akatafuta, hamna. Mashine ile walishakaa watu kibao baada yangu. Simlaumu mtu, kosa langu.

Mkononi nina kipanya kizima kabisa, betri ina nguvu, taa inawaka chini. Lakini kinaongea na nani? Na ndani ya siku mbili natakiwa kumkabidhi mama mmoja wa mtaani kwetu kadi 150 za mchango wa sendoff ya binti yake. Nikakesha na kile kibao cha kugusa. Kwenye saa tisa usiku nikasogeza ua kidogo ili likae pembeni vizuri, kidole kikateleza, ua likapanda juu ya tarakimu ya mwisho ya namba ya simu ya kutumia michango. Sikuona. Nikapeleka kuchapwa, zikatoka kadi 150, mama akaanza kugawa. Jioni akanipigia: "Mwanangu, watu wanasema namba haijatimia. Umenifanyia nini?"

Nilirudia kadi zote kwa pesa yangu, na kazi ya kadi za harusi yenyewe akapewa mtu mwingine. Sikuwa na la kumjibu.

KIDUDE HAKIUZWI PEKE YAKE

Baada ya hapo nikaenda Kariakoo kutafuta kidude tu. Duka la kwanza: "Braza, hicho peke yake hakiuzwi, chukua kipanya kingine." La pili hivyo hivyo. La tatu jamaa akafungua droo iliyojaa vidude vya vipanya vilivyokufa, akanipa kimoja kinachofanana na changu kwa umbo na rangi. Tukachomeka. Wapi! Mshale haukutikisika.

Sababu ni hii. Kiwandani kipanya na kidude chake hufundishwa kutambuana. Kipanya hutuma taarifa zake zikiwa na utambulisho, na kidude husikiliza utambulisho huo tu. Wangekuwa hawafanyi hivyo, kwenye kafe yenye watu kumi kila mtu angesogeza mshale wa jirani yake. Kwa vipanya vingi vya bei rahisi ndoa hiyo haivunjiki: kidude kikipotea, kipanya unabaki nacho kama pambo. Kwa hiyo huyo aliyeondoka na kidude changu pale kafe hakupata kitu, na mimi nikapoteza.

Vipo vidude ambavyo si vya mume mmoja. Logitech walitoa kimoja mwaka 2009 wakakiita Unifying, kina alama ndogo ya rangi ya chungwa, na kinaweza kushikilia hadi vifaa 6, vipanya na kibodi pamoja. Mwaka 2021 wakaja na kingine, Logi Bolt, nacho hadi vifaa 6. Hivi vinauzwa hata peke yake, na unaviunganisha upya kwa programu yao. Ila angalia hapa, wengi wanaumia: kipanya cha Unifying hakielewani na kidude cha Bolt, wala cha Bolt hakielewani na kidude cha Unifying. Na jina la kampuni kwenye boksi halitoshi, kwa sababu kampuni hiyo hiyo ina vipanya vya bei ya chini vyenye kidude cha kawaida. Tafuta alama kwenye kidude chenyewe.

Kwa hiyo dukani swali la kwanza liwe: "Hiki kidude kikipotea, nafanyaje?" Muuzaji akicheka, umeshapata jibu.

BLUETOOTH, YAANI KIDUDE KILICHOMO NDANI

Njia nyingine ni kununua kipanya cha Bluetooth, ambacho hakihitaji kidude kabisa kwa sababu msikilizaji tayari yumo ndani ya laptopu. Hakuna cha kusahau kafe, na tundu la USB linabaki wazi kwa flash au modemu. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinayo. Za mtumba za zamani, si zote. Usimwamini muuzaji wala stika. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Device Manager, uone kama kuna mstari umeandikwa Bluetooth. Kama haupo, inawezekana haina, au ina lakini programu endeshi yake haijawekwa. Fanya hivyo nyumbani kabla hujatoa nauli ya kwenda mjini.

Bluetooth nayo ina vituko vyake. Ukikiacha kipanya dakika kadhaa kinalala, na ukikigusa kinachukua muda kidogo kuamka. Kwa kawaida hakifanyi kazi kabla Windows haijawaka, kwa hiyo siku unaweka Windows upya unaweza kujikuta huna mshale. Jirani yangu alikwama hapo hapo Oktoba 2025, Microsoft walipositisha huduma kwa Windows 10 na watu wakaanza kuhamahama. Alikuwa na kipanya kizuri cha Bluetooth ambacho hakikumsaidia kitu, ikabidi aje kuazima kwangu kizee chenye waya. Usitupe chako cha waya.

Na kama wewe ni mtu wa kafe kama mimi, kumbuka mashine nyingi za mezani hazina Bluetooth. Kipanya cha Bluetooth peke yake pale ni mzigo tu begini.

Vipo vyenye vyote viwili, Bluetooth na kidude, na chini kuna kitufe cha kuchagua. Kwa mtu anayefanya kazi nyumbani kwa laptopu yake na kafe kwa mashine za watu, mimi ningechanga nipate hicho. Kama pesa haitoshi na unatumia laptopu yako tu yenye Bluetooth, chukua cha Bluetooth. Kama laptopu haina Bluetooth, chukua cha kidude, lakini hakikisha tumboni kina kijishimo cha kukihifadhi, mara nyingi kiko karibu na betri. Kisicho na kijishimo usinunue hata kwa nusu bei. Nimesema!

Mwenye laptopu mpya nyembamba aangalie pia matundu. MacBook Air tangu ile ya mwaka 2018, kwa mfano, ina matundu ya USB-C tu, yale madogo ya mviringo, na vidude vingi ni vya USB ya kawaida. Utahitaji adapta, nayo ni kitu kingine cha kupoteza.

MSHALE UNARUKARUKA

Mdau mmoja aliniambia kipanya chake kipya kinarukaruka kila anapochomeka diski ya nje, akaamua ni feki. Nikamwambia hamisha kidude upande wa pili wa laptopu. Akahamisha, kikatulia. Vidude hivi vingi hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, njia ile ile inayotumiwa na Bluetooth na Wi-Fi nyingi, na hata oveni za maikrowevu hutoa kelele humo humo. Zaidi ya hapo, mwaka 2012 Intel walichapisha maelezo kuonyesha kwamba vifaa vya USB 3.0, yale matundu ambayo mara nyingi ni ya bluu ndani, navyo hutoa kelele inayoangukia hapo hapo. Diski na kidude vikikaa ubavu kwa ubavu, kidude kinazibwa masikio. Vitenganishe, au tumia waya mfupi wa kurefusha USB ukisogeze kidude karibu na kipanya. Ni dawa ya pesa ndogo, na imeokoa vipanya vingi vilivyokuwa vinaelekea jalalani.

ANAYESIKILIZA ASIYEALIKWA

Hili liko karibu zaidi na sisi tunaokaa kwenye vyumba vyenye watu wengi. Februari 2016 kampuni ya usalama ya Bastille huko Marekani ilitangaza udhaifu iliouita MouseJack. Waligundua kwamba vidude vya kampuni kadhaa kubwa, zikiwemo Logitech, Microsoft, Dell, HP na Lenovo, vinaweza kudanganywa. Vipanya vingi vilikuwa vinatuma mibofyo yao bila kuifunga kwa siri, na baadhi ya vidude vilikubali hata taarifa zinazojifanya zimetoka kwenye kibodi. Yaani mtu mwenye kifaa kidogo cha redio na programu yake, akiwa umbali wa hadi mita 100, angeweza kuandika amri kwenye kompyuta yako bila kuigusa. Vipanya vya Bluetooth havikuwemo kwenye udhaifu huo. Logitech walitoa marekebisho ya programu ya ndani ya vidude vyao, lakini kipo kizazi cha vidude ambavyo havikutengenezwa kurekebishwa, na kipanya cha mtumba cha miaka ile kinaweza kuwa nacho.

Sisemi uogope kipanya. Mwizi wa namna hiyo lazima awe karibu, awe na kifaa na awe na sababu. Ila kama unafungua benki au barua pepe ya kazi kwenye laptopu yako, usinunue cha mtumba cha kabla ya 2016 kwa sababu ya bei, na ukiinuka kwenda kununua soda chomoa kidude au funga skrini. Kwa kibodi zisizo na waya kuwa mkali zaidi, maana huko ndiko neno la siri linapopita.

Na kidude ulichookota kafe usikichomeke kwenye laptopu yako "nione kama kinafanya kazi". Kwa macho huwezi kujua ndani kuna nini. Mkabidhi mhudumu. Pengine kuna mjinga mwenzangu atakuja asubuhi kukitafuta.

BETRI, MEZA NA MKONO

Betri sitazungumza sana. Vinavyotumia betri ya AA hukaa muda mrefu. Kwa Logitech M185, kwa mfano, kampuni inasema hadi miezi 12 kwa betri moja. Weka alkalaini nzuri, zile za bei ya kutupa huisha mapema. Kipanya kikikaa miezi bila kutumika toa betri, kwa sababu ikivuja inakula vyuma vya ndani. Vya kuchaji vina raha yake, ila angalia tundu la chaji liko wapi. Apple kwenye Magic Mouse ya mwaka 2015 waliliweka tumboni, ukichaji kipanya kinalala chali kama mende na huwezi kukitumia, na toleo la 2024 limebaki vile vile. Mimi napenda AA. Umeme ukikatika, dukani kwa Mangi zipo.

Senso ya kawaida ya taa haisomi kioo wala meza inayong'aa sana. Kabla hujasema kimekufa, weka daftari chini. Kuna senso za Logitech zinazoitwa Darkfield, za tangu 2009, zinazosoma hata kioo chenye unene wa milimita 4 au zaidi, lakini daftari ni rahisi zaidi, au sio?

Kwenye boksi utaona DPI 1000, 1600, mpaka elfu kumi na zaidi. Usitishwe. DPI 1000 maana yake ukisogeza kipanya inchi moja, mshale unasogea nukta 1000. Skrini nyingi za laptopu za zamani zina upana wa nukta 1366. Kwa hiyo inchi moja na kitu, kama sentimita tatu na nusu, umeshavuka skrini nzima. Unataka nini tena? Hizo elfu kumi ni za wacheza gemu, na wengine ni mbwembwe tu. Kwa kazi kama yangu, DPI kubwa ndiyo inayofanya ua liruke lisikotakiwa.

Ukubwa wa kipanya ndiyo kitu ambacho hutakisoma kwenye boksi. Vingi vinavyoandikwa vya laptopu ni vidogo ili viingie begini, na ukivifanyia kazi saa nne mfululizo vidole vinajikunja na kifundo kinaanza kuuma. Kishike dukani dakika nzima, kiganja kikilalie. Kama kiganja kinaning'inia hewani, hicho ni cha safari tu. Wa mkono wa kushoto, epukeni vile vilivyochongwa upande mmoja kwa kidole gumba.

Mwisho wa ununuzi, nenda na laptopu yako dukani. Weka betri, chomeka, bofya mara moja moja uone kama kuna mbofyo unaojirudia wenyewe mara mbili, zungusha gurudumu juu na chini, kisha rudi nyuma hatua mbili tatu ukiwa nacho uone kama mshale bado unafuata. Angalia kama namba ya aina iliyoandikwa chini ya kipanya ni ile iliyo kwenye boksi. Chukua risiti. Muuzaji akikwambia "bosi, sisi hatufungui boksi", mwambie asante, kuna duka jirani.

Mimi sasa ninacho chenye vyote viwili. Kidude nimekipaka rangi nyekundu ya kucha ya dada yangu, ili hata kikiwa nyuma ya mashine ya kafe kinanipigia kelele machoni. Kile cha zamani kipo droo ya mezani, kizima, taa bado inawaka ukikiweka betri. Kama kuna mdau amewahi kufanikiwa kuunganisha kipanya cha aina hiyo na kidude kingine, aseme hapo chini alifanyaje, nitamnunulia soda.